Paka Kumi na Tisa Ng'ambo ya Mstari wa Njano

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama kibarazani na karatasi ya manispaa mkononi. Kwa waliokosa, nawafupishia.

Naitwa Glenda Ledbetter. Nina miaka sitini na miwili, na kabla ya kustaafu nilikuwa mpishi wa shule hapa Tolliver. Mume wangu Wendell alifariki mwezi wa nne kwa ugonjwa wa mapafu. Aliniachia nyumba ya ghorofa moja na paka wake mzee mwenye jicho moja, Hobart. Paka wengine nilikuwa nimejiongezea mwenyewe, mmoja mmoja, miaka na miaka. Jumla ishirini na tatu.

Karatasi ile ilisema sheria ndogo za mji wa Tolliver zinaruhusu wanyama wanne kwa nyumba moja, basi. Nina siku kumi za kuwapunguza. Nisipowapunguza watachukuliwa wote, Hobart akiwemo, na Hobart ndiye kiumbe wa mwisho duniani anayenusa kiti cha Wendell kila asubuhi.

Nani kanishtaki? Karatasi haikusema.

Ndipo alipovuka barabara Noreen Haskett, bakuli la makaroni ya jibini mkononi, mbwa wake mzee Clyde akimfuata kwa kuchechemea. Noreen ni shoga yangu wa miaka thelathini na moja. Wendell alipokata roho ni yeye aliyenishika mikono nisijikwaruze uso.

Nyumba zetu zinatazamana. Lakini mimi niko Tolliver na yeye yuko Brandt, maana mpaka wa miji hii miwili unapita katikati ya barabara yetu, juu ya ule mstari wa njano. Mtaa wetu wote umeishi kwa kuuchezea mstari huo. Tolliver inakataza kuchoma majani makavu, basi tunayakokota mpaka kwa Noreen na kuyachomea huko. Brandt inakataza fataki, basi tarehe nne ya mwezi wa saba, sikukuu ya uhuru, watu wa Brandt wote wanajaa kwenye nyasi zangu. Ukishavuka mstari, kosa linabaki ulikotoka. Ndivyo tulivyoamini tangu utotoni.

"Usilie, Glenda," Noreen aliniambia. "Walete gerejini kwangu. Brandt hakuna anayehesabu paka. Sheria yetu haina namba."

"Haina namba kabisa?"

"Hata ukiwa nao mia. Kula makaroni yako."

Nikala. Nikaona Mungu amenikumbuka.

Niliwahamisha Jumapili, watu wakiwa kanisani. Niliwatia kwenye foronya na vikapu vya nguo, nikavuka mstari mara kumi na moja, mikono imechanwa mpaka kwenye viwiko. Walivuka kumi na tisa. Kwangu wakabaki wanne: Hobart, Dolly, Nutmeg, na mmoja mweusi ambaye sijampa jina.

Jumatatu akaja mkaguzi wa wanyama wa Tolliver, kijana mrefu anaitwa Pruitt, ameanza kazi juzijuzi. Paka wanne walikuwa wamejipanga kwenye kochi kama wamealikwa.

Pruitt akawahesabu kwa kalamu. "Wanne. Na wengine wamehamia wapi, mama?"

"Wameenda kutembea."

"Kutembea?"

"Kwani paka hana miguu?"

Akacheka. Kisha akanyanyua uso kutazama dari, maana kulikuwa na kishindo. "Na hicho?"

"Nyumba ya zamani hiyo, mwanangu. Mbao zinajinyoosha."

Akaandika kwenye daftari lake. Alipofika mlangoni akageuka.

"Nikuambie kitu, mama Ledbetter. Kazi yangu mimi ni kuhesabu. Wakiwa wanne, hata kama wanakohoa, nafunga daftari naondoka. Wenzangu wa Brandt hawahesabu. Wanatazama. Kwao paka mmoja mgonjwa ni kesi kubwa kuliko ishirini wazima."

"Nani kataja Brandt hapa?"

"Hakuna aliyetaja," akasema. "Mimi nilikuwa naongelea hali ya hewa."

Nilimfungia mlango nikamcheka. Laiti ningejua!

Kuanzia siku ile nikawa navuka barabara mara tatu kwa siku, mfuko wa chakula begani. Hata mambo ya kwangu mengine nikawa nayasahau. Noreen alinisubiri gerejini na glavu za kuoshea vyombo mikononi. Siku ya pili akaniuliza, "Huyu wa kijivu macho yake yameziba kwa tongotongo. Tangu lini?"

"Mafua tu. Yatapita."

Siku ya tatu: "Glenda, huyu sikio limeoza."

"Anapenda kujikuna."

Siku ya nne hakuuliza kitu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, paka wa kijivu mapajani, anamfuta macho kwa pamba na maji ya vuguvugu. Nilimwonea wivu, nasema kweli. Paka yule hakuwahi kunikalia mapajani mimi.

Ijumaa nikafika na mfuko wangu, nikakuta kufuli.

Nikagonga. Noreen akatoka kwa mlango wa jikoni, amevaa vizuri, nywele amezichana. Mtu akichana nywele asubuhi hivyo, ujue anayo maneno.

"Kufuli la nini?"

"Kaa chini, Glenda."

"Sikai. Kufuli la nini?"

"Sheria ya Brandt inasema anayemlaza mnyama na kumlisha siku tano ndiye mwenye naye. Leo ni siku ya sita. Ni wangu."

Mfuko ulinidondoka, chakula kikamwagika mpaka barabarani.

"Umeniibia paka wangu?"

"Nimemwita daktari wa wanyama. Asingekubali kuwatibu bila sahihi ya mwenyewe, na wewe nilijua hutatia sahihi. Anakuja Jumatatu. Wakipona nitawatafutia nyumba. Mmoja mmoja, kwa watu wazuri."

"Utawagawa!"

"Nitawagawa."

"Kumbe makaroni yale yalikuwa chambo!"

"Yalikuwa makaroni," akasema. "Chambo nilikuwa mimi. Na sijuti."

"Nyoka wewe! Miaka thelathini na moja nimekukaribisha mezani kwangu!"

"Meza ipi? Lini mara ya mwisho mtu alikula kwenye ile meza yako? Mimi nakuletea chakula nakuachia kibarazani, kwa nini? Harufu, Glenda! Harufu! Mtaa mzima unajua isipokuwa wewe."

Hakuna aliyewahi kuniambia neno hilo. Nilihisi nimevuliwa nguo mbele za watu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nimemvaa huyu mwanamke kama koti.

Hapa ndipo ninapoanza kuungama, wasomaji wangu. Mpaka sasa mmenihurumia. Basi subirini.

Nilirudi kwangu nimejaa hasira. Tolliver huwezi kumshtaki mtu bila kuandika jina lako na kutia sahihi. Brandt unaweza. Unapiga simu, unasema la moyoni, unakata. Nilikuwa nalijua hilo, kila mtu mtaani analijua. Nikapiga.

"Kuna mwanamke Kessler Road," nikasema, nimeziba simu kwa kitambaa cha vyombo. "Amefungia paka kumi na tisa gerejini. Wagonjwa. Wananuka."

Nilitaka nini? Nilitaka aogope. Nilitaka aje kunigongea akilia, anirudishie. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Saa nane mchana gari jeupe likasimama kwa Noreen. Akashuka mkaguzi wa Brandt, mwanamke mfupi mwenye miwani, Trujillo jina lake. Nikatoka na fagio, nikajidai nafagia ukingo wa barabara.

Kufuli likafunguliwa. Trujillo akaingia. Akatoka baada ya dakika kumi, amebeba paka wa kijivu kwenye taulo, uso umebadilika.

Yule paka mchana wa jua kali alikuwa mwingine. Kwangu ndani, kwenye mapazia yaliyofungwa, nilikuwa namwona mnene. Juani alikuwa mifupa na manyoya. Nilitaka kuangalia pembeni lakini sikuweza.

"Nani mwenye nao?" Trujillo akauliza.

"Mimi," akasema Noreen.

"Wote?"

"Wote. Siku ya sita leo. Daktari anakuja Jumatatu, nimeshaongea naye."

"Hali hii haikuanza siku sita zilizopita, mama."

Trujillo akageuka, akaniona mimi na fagio langu.

"Na wewe, mama? Unahusika na paka hawa?"

Nilikuwa upande wangu wa mstari. Hatua mbili tu. Nikafikiri: nikisema ndiyo, kesi ni yangu. Na Brandt wakikutia hatiani kwa kulundika wanyama na kuwatesa, unapigwa marufuku kufuga chochote miaka mitano, na Tolliver ikipata habari haitaniacha na Hobart. Nikamwona Hobart juu ya kiti cha Wendell.

"Mimi jirani tu," nikasema.

Noreen hakunigeuzia hata shingo. Alipokea karatasi ya mahakama, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa blauzi.

"Jumatatu saa tatu asubuhi," Trujillo akamwambia, sauti ya upole kidogo. "Paka nawachukua leo. Na nikuambie mapema, mama, ukikutwa na hatia hata mbwa huyo utamkosa."

Clyde alikuwa amelala mlangoni. Miaka kumi na minne, haoni vizuri, anajikojolea. Alitikisa mkia kwa sababu wamemtazama.

Walipopakiwa wote na gari kuondoka, Noreen akaja mpaka kwenye mstari wa njano akasimama. Hakuvuka.

"Trujillo kaniambia aliyepiga simu alitaja kumi na tisa," akasema. "Hesabu hiyo tuliijua watu wawili."

Nikaendelea kufagia pale pale.

"Kumbe unanichukia kiasi hicho?"

"Wewe ndiye uliyeanza! Wewe ndiye uliyenishtaki Tolliver, halafu ukaja na bakuli lako la huruma! Unafikiri mimi mtoto?"

Nikaona macho yanamjaa machozi. Noreen huyu, ambaye hakulia hata alipomzika dada yake.

"Mji wenu hauchukui mashtaka bila jina na sahihi," akasema. "Na mshtakiwa ana haki ya kuyasoma. Siku zote hizi hukwenda kuyasoma, kwa nini? Nenda, Glenda. Kasome. Halafu uje uniite nyoka."

Akamshika Clyde kwenye ukosi, wakaingia ndani.

Nilifika ofisi ya manispaa saa kumi na nusu, nimebakiza nusu saa wafunge. Mezani alikuwa Bi. Ott, karani aliyezeekea pale, ambaye alinisajilia ndoa yangu na juzi juzi kifo cha mume wangu.

"Nataka kuona barua ya mtu aliyenishtaki."

Akavua miwani. "Una uhakika?"

"Ni haki yangu."

"Haki yako, ndiyo. Lakini kaa kwanza, mpenzi."

"Kila mtu leo ananiambia nikae. Lete barua!"

Akavuta droo ya chini kabisa, wala si kabati la mafaili. Akanipa bahasha.

Niliujua mwandiko kabla sijaisoma. Herufi kubwa, zimesimama wima, kama zile alizoandika kwenye makopo ya misumari kule bandani. Nikaiweka barua mezani nisome bila kuishika.

Ilikuwa ya mwezi wa pili.

KWA MANISPAA. MIMI WENDELL LEDBETTER WA KESSLER ROAD NAMSHTAKI MKE WANGU KWA KUZIDISHA PAKA. SI MTU MBAYA. ANAWAPENDA ILA HAJUI KUACHA. DAKTARI ALINIAMBIA TANGU MWAKA JANA PAKA WATOKE AU NITOKE MIMI, LA SIVYO MAPAFU HAYATAFIKA MBALI. SIKUMWAMBIA GLENDA. NILIJUA ITAMBIDI ACHAGUE, NA NILIOGOPA KUJUA ATACHAGUA NINI. NOREEN WA NG'AMBO AMENIAHIDI ATAWATAFUTIA PAKA NYUMBA. NAOMBA MSIJE MPAKA NIWE NIMEKUFA. SITAWEZA KUMTAZAMA USONI. HOBART MWACHIENI.

Nilisoma mara moja, nikarudia. Nilisikia sauti ya mnyama aliyebanwa mahali, kumbe ni mimi.

"Alikuja mwenyewe," Bi. Ott akasema. "Na ile mashine yake ya kupumulia, anaivuta kwa gurudumu. Kupanda ngazi zile tatu za nje alitumia robo saa. Akaniomba niikalie. Nikaikalia kwenye droo mpaka nilipoona tangazo la msiba gazetini. Nikaupa msiba mwezi mmoja juu yake. Mkaguzi nimempa jina lako na anwani tu, barua hajaiona. Ningeweza kupoteza kazi, Glenda."

"Mwaka mzima," nikasema. "Mwaka mzima alilala nyumba moja na mimi, anajua, hasemi."

"Labda alikuwa anasubiri umuulize."

Wasomaji wangu, semeni mnavyoona. Nani kamsaliti nani hapa? Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki nikamchukia Wendell kwa moyo wangu wote. Nilimchukia kuliko Noreen. Alikwenda kwa wageni kunisema, akamwachia shoga yangu kazi ya kuniumiza, yeye akajifia zake na siri kifuani. Na katikati ya chuki hiyo nilikuwa namsikia anavyokohoa kule juu alfajiri, na mimi nikiwa chini nafungua makopo, nampigia kelele: "Kunywa maji, Wendell!"

Na kila alipokohoa, mlango wa chumba chake ulikuwa wazi, na paka wanaingia na kutoka.

Noreen alijua yote haya. Alijua, akaniacha nimwite nyoka. Mbele ya Trujillo akasema "mimi". Na Jumatatu saa tatu asubuhi atasimama mahakamani kwa ajili ya mifupa niliyoikondesha mimi, na Clyde atatolewa nyumbani kwake haoni anapelekwa wapi.

Nikasimama. Nilikuwa nimeamua, naapa. Nilikuwa naenda Brandt kumwambia Trujillo ukweli kabla hawajafunga.

"Kuna upande wa pili," Bi. Ott akasema polepole. "Wa barua. Hujageuza."

Nikageuza. Ulikuwa mstari mmoja na nusu, herufi zimeanza kulala, kama mkono ulikuwa umechoka.

WAHESABUNI WENYEWE. YEYE ATAWAAMBIA ISHIRINI NA TATU. WAKO AROBAINI NA MMOJA.

Basi. Sasa mnajua na nyie. Wiki zote hizi nimewaandikia ishirini na tatu, na nyie mkanitumia salamu za pole. Nilikuwa nimeisema namba hiyo muda mrefu sana mpaka nikawa naiamini nikiisema. Chumba cha Wendell, kule juu. Tangu alipotolewa kwenye machela sijaweza kuingia mle. Nafungua mlango upana wa mkono, nasukuma sinia la chakula cha waliomo, nafunga.

Nilijaribu kuikunja barua. Mkono mwingine ukaishika kwa juu.

Pruitt. Sikujua amesimama nyuma yangu tangu lini. Alikuwa amekuja kurudisha funguo za gari, zilikuwa bado zinaning'inia kidoleni. Akasoma ule mstari mmoja na nusu, midomo ikichezacheza, yule kijana wa kuhesabu.

"Kwako wanne," akasema. Hakuwa anacheka tena. "Kwa Haskett kumi na tisa, nimesikia kwenye redio ya wakaguzi wa Brandt mchana huu. Mama Ledbetter, wengine kumi na wanane wako wapi?"

Nilifungua mdomo nijibu. Ndipo nilipokumbuka kwamba sinia la mwisho nilisukuma Jumanne, na kwamba tangu jana asubuhi sijasikia kishindo chochote juu ya dari.